Mbolea ya ruzuku: Gunia lina bei moja, faida si moja

KILA mwezi wa Machi unapokaribia, wakulima wa Kaunti ya Trans Nzoia huwa na vitu viwili wanavyovitazama kwa hamu: mawingu juu ya Mlima Elgon na simu zao za mkononi. Mawingu huwaeleza ni lini watapanda. Simu huwaeleza iwapo watapanda kwa mbolea ya serikali au la.

Ujumbe mfupi ukiingia, humjulisha mkulima idadi ya magunia aliyotengewa na ghala atakakoyachukua. Hapo shughuli huanza ya kutafuta pesa, kutafuta usafiri na kwenda kupanga foleni. Ujumbe usipoingia, mkulima hurudi kwa chifu kuulizia, au huenda moja kwa moja kwenye duka la pembejeo mjini Kitale, Kiminini au Endebess na kununua gunia moja kwa bei ya soko pale alipohitaji mawili.

Katika mikutano ya hadhara, wanasiasa hupenda kusema kwamba serikali imewapa wakulima mabilioni ya shilingi. Kauli hiyo haina uongo, lakini ina upungufu mkubwa. Hakuna mkulima wa Kenya anayekabidhiwa ruzuku mkononi. Pesa hizo hulipwa kwa gunia. Kila gunia linapotoka ghalani, Hazina ya Kitaifa huwa imebeba sehemu ya gharama yake, naye mnunuzi humalizia sehemu iliyobaki. Anayechukua magunia mengi amepokea ruzuku nyingi, anayechukua moja amepokea ya gunia moja, na aliyekosa nauli ya kufika ghalani hakupata chochote, hata kama jina lake limo katika sajili ya serikali.

Hilo ndilo jambo ambalo mwananchi anafaa kulielewa kabla ya kuuliza iwapo mpango huu unafaulu au haufaulu.

Gunia linavyofika

Kenya huagiza karibu mbolea yake yote kutoka ng'ambo. Meli hutia nanga Mombasa, shehena ikapakuliwa, ikatiwa katika magunia ya kilo 50, na kusafirishwa kwa lori au reli hadi bara. Kutoka Mombasa hadi Kitale ni safari ya zaidi ya kilomita 850 kwa barabara, kwa hivyo kabla mkulima hajaliona gunia tayari limelipiwa ada za bandari, uchukuzi na uhifadhi.

Mbolea ya kibiashara hupitia kwa waagizaji wa kibinafsi, ikaenda kwa wauzaji wa jumla, kisha kwa maduka madogo ya vijijini. Ile ya ruzuku hupitia hasa kwa Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, ambayo maghala yake yalijengwa kwa ajili ya kununua na kuhifadhi mahindi. Serikali hutangaza bei moja kote nchini. Tofauti kati ya bei hiyo na gharama halisi hulipwa na mlipaushuru.

Mnamo Septemba 2022, siku Rais William Ruto alipoapishwa, alitangaza kwamba magunia milioni 1.4 yangeuzwa kwa Sh3,500 badala ya Sh6,500. Bei ilikuwa imepanda kupita kiasi baada ya Urusi kuvamia Ukraine mnamo Februari mwaka huo, na wakulima wengi walikuwa wamepunguza kiasi cha mbolea au kuiacha kabisa. Agosti 2023 bei ya serikali ikashushwa tena hadi Sh2,500.

Mwanzoni mwa 2023 serikali ilianza pia kuwasajili wakulima kupitia kwa machifu na manaibu wao. Mkulima aliandikisha jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, mahali shamba lilipo, ukubwa wake na mazao anayopanda. Sajili hiyo ikaja kuwa na majina zaidi ya milioni 6. Nia ilikuwa kuwazuia mabroka waliokuwa wakinunua mbolea ya bei nafuu kwa malori na kuiuza tena madukani, au hata kuivukisha mpaka. Kwa hilo usajili ulikuwa hatua njema, kwa kuwa katika mipango ya awali mkulima alitegemea barua ya chifu au afisa wa kilimo, na barua haikuwa vigumu kupatikana kwa mwenye kujuana na watu.

Mipango miwili iliyotofautiana

Ruzuku hii si jambo la jana. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ndiyo iliyopanga bei ya mbolea na kuamua nani angeiagiza. Mnamo 1990 soko lilianza kufunguliwa, na kufikia mwisho wa 1993 vizuizi vya kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine viliondolewa pia. Wengi walitabiri kwamba mkulima mdogo angeumia. Kinyume chake, maduka ya pembejeo yakachipuka hadi vijijini, umbali ambao mkulima alitembea kununua mbolea ukapungua, na matumizi yakaongezeka kwa miaka 15 hivi bila ruzuku kubwa.

Mwaka wa 2008 ulibadili hali hiyo. Ghasia zilizofuatia uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwatimua maelfu ya wakulima wa Bonde la Ufa kutoka mashambani mwao, na mwaka huo huo bei ya mbolea duniani ikapaa. Serikali ikarudi sokoni.

Hapo kukawa na mipango miwili iliyoendeshwa sambamba, na tofauti yake ina mafunzo hadi leo. Wa kwanza ulianza 2007, na sehemu yake moja iliitwa Kilimo Plus. Ulimlenga mkulima maskini mwenye ekari chache. Alipewa vocha ya kuchukua gunia moja la mbolea ya kupandia, gunia moja la mbolea ya kukuzia na kilo 10 za mbegu za mahindi, yaani mahitaji ya ekari moja. Vocha hiyo aliipeleka katika duka la kawaida la kibinafsi lililo karibu naye, na mwenye duka ndiye aliyelipwa na serikali baadaye.

Mpango wa pili ulikuwa wa mbolea ya bei nafuu katika maghala ya NCPB, na haukumlenga maskini hasa. Yeyote aliyekuwa na shamba, karatasi na pesa taslimu angeweza kununua.

Watafiti wakiwamo wa Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton waliochunguza mpango ule wa vocha waliona kwamba uliongeza mavuno ya mahindi na kupunguza makali ya umaskini miongoni mwa waliofikiwa. Haukuwa na makeke, na haukuwafikia wengi. Ule wa maghala ndio uliokuwa na foleni ndefu, malori na wanasiasa wa kupigwa picha, na ndio uliodumu.

Ekari moja na ekari 20

Trans Nzoia ni mahali pazuri pa kupimia jambo hili kwa sababu ya historia ya ardhi yake. Walowezi walimiminika huko baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na kufikia 1926 tawi la reli lilikuwa limefika Kitale kubeba mahindi yao. Baada ya uhuru, baadhi ya mashamba hayo yalinunuliwa na vyama vya ushirika na makampuni ya wanachama, yakagawanywa vipande kwa vipande. Mengine yalibaki makubwa mikononi mwa watu binafsi, na mengine yakawa chini ya Shirika la Ustawi wa Kilimo, ADC, lililoundwa 1965. Vipande vile vidogo vimegawanywa tena kwa wana na wajukuu. Hivi leo, katika barabara moja, mwenye nusu ekari ni jirani wa mwenye mamia ya ekari, na hawa wote hupanda mbegu ile ile, hungoja mvua ile ile na huelekezwa katika ghala lile lile.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kwa kawaida ekari moja ya mahindi huhitaji gunia moja la kupandia na jingine la kukuzia. Kwa bei za Septemba 2022, kila gunia lilikuwa na ruzuku ya Sh3,000. Mwenye ekari moja aliyenunua magunia yake mawili alipata afueni ya Sh6,000. Mwenye ekari 20 aliyenunua magunia 40 alipata Sh120,000. Hakuna aliyemwibia mwenzake, wala aliyevunja sheria. Ndivyo ruzuku inayolipwa kwa gunia inavyofanya kazi, na hata pale kunapowekwa kikomo cha magunia kwa kila mtu, mwenye shamba kubwa hukifikia huku mwenye dogo akiwa mbali nacho.

Watetezi wa mpango wana jibu, nalo si la kupuuzwa. Wanasema lengo la ruzuku ni chakula: Trans Nzoia ikivuna vizuri, mkazi wa Nairobi na wa Mombasa hununua unga kwa bei ya chini, na mwenye ekari 20 ndiye anayepeleka mahindi mengi sokoni. Mwenye nusu ekari hula yake, na mara nyingi ifikapo Mei au Juni huwa ananunua kwa gorogoro kama mtu wa mjini. Kwa mtazamo huo, kumsaidia mkulima mkubwa ni kumsaidia mnunuzi maskini kwa njia ya mzunguko.

Ugumu uko kwingine. Aghalabu mwenye ekari 20 angenunua mbolea hata bila ruzuku, labda kwa kupunguza kidogo. Shilingi aliyookolewa huenda ikanunua dizeli ya trekta au ikabaki benki. Lakini kwa mwenye ekari moja ambaye hakuwa na uwezo wa kununua hata gunia moja, ruzuku hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya shamba la magunia manane na shamba la magunia 20. Kwa hivyo swali la nani amelipata gunia ni swali la haki na la mavuno kwa wakati mmoja, kwa sababu gunia lililokwenda kwa yule ambaye angelinunua vyovyote vile haliongezi mahindi mengi nchini.

Kuna pia gharama zisizoandikwa popote. Tuseme mkulima mmoja anaishi Endebess karibu na mpaka wa Uganda, na ghala aliloelekezwa liko Kitale. Tuseme tena kwamba nauli yake ya kwenda na kurudi pamoja na malipo ya bodaboda ya kubeba magunia mawili ni Sh1,000. Kila gunia limeongezeka Sh500. Akifika na kuambiwa mbolea imekwisha, arudi Jumatatu, safari ya pili inaongeza nauli nyingine. Mwenye lori hugawanya gharama ya safari moja kwa magunia 40, na akiambiwa arudi humtuma dereva. Bei ya serikali ni moja kwa wote hadi kwenye mlango wa ghala. Baada ya mlango huo kila mtu ana bei yake.

Ndiyo sababu wakulima na viongozi wao wamekuwa wakidai mbolea ishushwe hadi vyama vya ushirika na vituo vya wadi. Serikali imeanza kuvitumia vyama hivyo, na pale ambapo chama kina ghala kavu, mizani na karani mwaminifu, foleni zimepungua. Pale chama kilipokufa miaka ya 1990 pamoja na pareto au maziwa, hakuna cha kushushia.

Wapo pia wasio na ardhi yao wenyewe. Trans Nzoia ina wakulima wengi wa kukodi, wanaolipa kwa msimu ili kulima ekari mbili au tatu za mtu anayeishi mjini. Usajili ulipofanywa, nani aliandikwa kuwa mkulima wa shamba hilo? Ikiwa ni mwenye ardhi, ujumbe wa magunia humfikia mtu asiye na jembe. Ikiwa ni mkodishaji, mwaka unaofuata huenda yuko shamba jingine na rekodi bado inasoma la zamani. Hali ya wajane na ya wake wanaolima shamba lililoandikishwa kwa simu ya mume aliye mbali ni hiyo hiyo. Sajili inaonyesha hali ilivyokuwa siku ya kuandikwa, ilhali mashamba hubadilisha mikono kila msimu.

Mbolea haimngoji mtu

Jambo ambalo huwaponyoka wengi walio mijini ni kwamba mbolea ina siku yake. Ile ya kupandia ijulikanayo kama DAP ina naitrojeni asilimia 18 na fosfeti asilimia 46. Fosforasi haisafiri udongoni. Ukiimwaga juu ya ardhi wiki tatu baada ya mahindi kuota, itakaa pale pale ilipoangukia huku mizizi ikiwa imeshaanza maisha kwa njaa. Ni lazima iingie shimoni pamoja na mbegu, ikifunikwa kidogo kwa udongo ili isiiunguze.

Mkulima wa Trans Nzoia hupanda mahindi mara moja tu kwa mwaka, kuanzia mwisho wa Machi hadi Aprili, kwa mbegu zinazochukua miezi sita au zaidi kukomaa. Hana msimu wa pili wa kurekebisha makosa kama mwenzake wa maeneo ya chini. Kila wiki anayochelewa kupanda hupunguza mavuno. Kwa hivyo mbolea ya Sh2,500 inayofika katikati ya Mei huwa imemgharimu zaidi kuliko ile ya dukani iliyokuwapo Machi, na wakulima hulijua hilo vyema. Wengi wao hununua kiasi fulani dukani kama bima, kisha hungoja ya serikali kwa ajili ya kukuzia.

Maduka nayo yana kilio chake. Mfanyabiashara wa pembejeo mjini Kitale huagiza shehena mwezi wa Desemba au Januari kwa mkopo. Serikali ikitangaza Februari kwamba itauza kwa nusu bei, wateja husita, na shehena hukaa. Mwaka unaofuata ataagiza kidogo. Ikitokea kwamba mbolea ya serikali imechelewa mwaka huo, mkulima hukosa kote kuwili. Mpango wa vocha za Kilimo Plus ulikwepa mtego huu kwa kumfanya mwenye duka kuwa mshirika badala ya mshindani.

Sakata ya 2024

Machi 2024, wakati ule ule wa kupanda, ikabainika kupitia vyombo vya habari kwamba baadhi ya magunia yaliyouzwa kupitia mpango wa serikali hayakuwa na rutuba iliyoandikwa juu yake. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, Kebs, lilifanya uchunguzi, uuzaji wa aina iliyotiliwa shaka ukasimamishwa, na serikali ikaahidi kuwafidia walionunua. Mnamo Mei mwaka huo Bunge la Kitaifa lilipitisha hoja ya kumng'oa mamlakani aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, lakini kamati teule iliyochunguza tuhuma hizo ikaamua kwamba hazikuthibitishwa. Alitoka wizarani Julai 2024 karibu baraza zima la mawaziri lilipovunjwa.

Kwa mkulima, sehemu ya Bunge haikuwa kubwa. Alichojua ni kwamba mbegu ilikuwa imeshazikwa, na kwamba fidia ya gunia jipya haiwezi kuingizwa katika shimo lililokwisha kufunikwa. Duka likimuuzia mkulima mbolea mbaya, kesho atakwenda duka la pili. Ghala la serikali likifanya hivyo, hakuna la pili kwa bei hiyo. Mlolongo unapokuwa mmoja kwa nchi nzima, kasoro moja ya ukaguzi husambaa hadi kila kaunti kabla ya mvua ya kwanza.

Udongo nao una maoni yake

Kuna jambo jingine lisilozungumzwa mno katika siasa za mbolea. Kwa miaka mingi mashamba ya Trans Nzoia yametiwa DAP msimu baada ya msimu, mahindi juu ya mahindi. Mbolea hiyo, ikitumiwa mfululizo, huuongezea udongo asidi. Udongo ukishakuwa na asidi nyingi, hushikilia fosforasi na kuinyima mimea, kiasi kwamba mkulima hutia gunia zima na mahindi yakabaki na rangi ya zambarau kana kwamba hayakutiwa kitu. Wataalamu wa udongo wamekuwa wakishauri chokaa ya kilimo itumiwe kurekebisha hali hiyo, na mkulima apimiwe udongo kabla ya kuamua aina ya mbolea.

Ruzuku ina nguvu kubwa hapa, kwa sababu mkulima hununua kile kilichoteremshiwa bei. Serikali ikiteremsha bei ya aina moja, aina hiyo ndiyo itakayotumiwa, iwe inafaa au haifai. Katika misimu ya karibuni aina zimeongezwa, zikiwamo mbolea za mchanganyiko, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini anayepaswa kumweleza mkulima tofauti kati ya gunia moja na jingine ni afisa wa kilimo wa nyanjani, ambaye chini ya Katiba ya 2010 ni mfanyakazi wa kaunti, ilhali gunia lenyewe ni la serikali ya kitaifa. Mmoja hutoa bei, mwingine hutoa ushauri, na mara nyingi hawakutani kwa mkulima.

Hasara hurudia wakati wa mavuno

Hata mbolea ikifika kwa wakati na ikiwa safi, bado kuna Novemba. Mahindi ya Trans Nzoia huanza kuvunwa Oktoba na mengi huwa bado yana maji. NCPB hainunui yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Mwenye mashine ya kukaushia au turubai za kutosha hungoja. Mwenye karo ya Januari kichwani huuza mlangoni kwake kwa broker anayepita na pikipiki na mizani ya kuning'iniza, kwa bei ya siku hiyo.

Mwishoni mwa 2023 serikali ilitangaza kwamba ingenunua gunia la kilo 90 kwa Sh4,000. Bei nzuri kama hiyo huwafaa walio na mahindi makavu na mengi, na wanaoweza kungoja malipo. Uwezo huo wa kungoja ndio uliowaponza wengi katika sakata ya mahindi ya 2018. Msimu huo NCPB ilikuwa ikinunua kwa Sh3,200, bei iliyokuwa juu kuliko ya soko. Wafanyabiashara wachache wakapenya na mahindi yasiyo ya wakulima wa eneo hilo, wakalipwa mamilioni, huku wakulima halisi wa Trans Nzoia na Uasin Gishu wakikesha nje ya maghala juu ya matrekta yao na baadaye kudai malipo kwa miezi mingi. Ilikuwa ni ruzuku pia, ingawa haikuitwa hivyo, nayo ilifuata njia ile ile: ililipwa kwa gunia, na aliyekuwa na magunia mengi na lori tayari ndiye aliyetangulia.

Hesabu isiyo na majina

Huko Marekani, ambako wakulima hulipwa ruzuku kwa fedha moja kwa moja, kuna shirika lisilo la serikali liitwalo Environmental Working Group ambalo huchapisha malipo hayo tangu 1995, kaunti kwa kaunti na mpokeaji kwa mpokeaji. Mtu yeyote anaweza kusoma jirani yake alipata kiasi gani. Takwimu hizo ndizo zilizowaonyesha Wamarekani kwamba sehemu kubwa ya pesa zilizotolewa kwa jina la mkulima wa familia huenda kwa wachache wenye mashamba makubwa. Hazikuumaliza mjadala, lakini ziliuondoa katika uvumi.

Nchini Kenya, takwimu zinazotangazwa huwa za jumla: magunia mangapi yameagizwa, mangapi yameuzwa, wakulima wangapi wamesajiliwa. Hizo husema ukubwa wa mpango, hazisemi ulimfikia nani. Ajabu ni kwamba kila kinachohitajika tayari kimo ndani ya mtambo unaotuma zile jumbe: ukubwa wa shamba, idadi ya magunia, ghala na tarehe. Katiba, katika kifungu cha 35, humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Bunge lilipitisha sheria ya kuitekeleza haki hiyo mwaka wa 2016. Sheria ya kulinda data ya 2019 inaweza kuzuia majina na nambari za simu zisianikwe, na ni sawa. Lakini si lazima mtu atajwe ili ijulikane ni magunia mangapi yalikwenda kwa mashamba ya chini ya ekari mbili katika Wadi ya Endebess, mangapi kwa ya zaidi ya ekari 20, na mangapi yalitoka ghalani baada ya Aprili.

Jedwali la namna hiyo kwa kaunti nzima lingetosha ukurasa mmoja, na lingeweza kubandikwa kwenye mlango wa kila ghala kabla foleni ya msimu unaofuata haijaanza.